Chaki ya Nati

Siku za likizo Nati aliamshwa na karakana kabla ya kuamshwa na mama yake. Nyumba yao na karakana vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, kwa hiyo nyundo ya kwanza ikilia kule, vikombe vya huku vilitikisika kabatini. Alinawa uso, akanywa chai akiwa amesimama, kisha akavaa koti la kazi lililokuwa la mama yake zamani. Mikono ya koti hilo ilibidi aikunje na kuikunja tena ndipo vidole vyake vionekane.

Mama yake ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Mtaa mzima ulimwita Fundi Mama, na wateja wapya waliokuja wakiuliza "mzee mwenyewe yuko wapi" walionyeshwa mwanamke mfupi aliyekaa juu ya ndoo, akichora sakafuni kwa kipande cha mkaa. Kwa miaka mingi walitengeneza milango na madirisha. Mwaka huo duka kubwa lilifunguliwa barabara ya pili, na msimamizi wake akataka matoroli ya wateja, yaani vile vikapu vya chuma vyenye magurudumu ambavyo mtu husukuma huku akivijaza bidhaa. Mama aliikubali kazi hiyo, na tangu siku hiyo hata akila alikuwa akichora kwa kijiko.

"Ukiona toroli limekaa kirahisi, ujue kuna mtu aliumiza kichwa," alipenda kumwambia Nati, kisha humwonyesha. Kikapu lazima kiwe chembamba mbele na kipana nyuma, na ukuta wa nyuma uwe kama mlango unaoning'inia kutoka juu, ili toroli moja likisukumwa ndani ya jingine mlango ule ujiinue wenyewe na yote yaingiane kama vikombe vya plastiki. Magurudumu ya mbele yageuke kila upande, ila ya nyuma yaende mbele tu, maana yote yakigeuka toroli linakuwa mbuzi mkaidi. Na kwenye mlango huo wa nyuma, karibu na mpini, kuna kiti kidogo cha mtoto. Akifika hapo mama alikuwa akituliza mkaa wake kidogo.

"Unga ukianguka tutafagia," alisema. "Mtoto akianguka tutasema nini?"

Aliyechomelea vyuma alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Baba yake Nati alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na alionekana nyumbani kwa nadra, kwa hiyo mambo mengi ambayo watoto wengine walifundishwa na baba zao, Nati alifundishwa na mjomba. Yeye ndiye aliyemshikia baiskeli mpaka akajua kuiendesha. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali siku alipokanyaga msumari, akimwimbia njia nzima nyimbo alizozitunga papo hapo. Hata jina la Nati alilitoa yeye. Alisema binti huyu alipozaliwa alikuwa mviringo, mdogo, na ukimweka chini ukageuka kidogo tu, ameshabingirika chini ya meza. Huyo kama si nati ni nini? Jina likanata. Nati alimpenda mjomba wake bila kipimo, na hakuona sababu ya kupima.

Karakana hiyo ilikuwa na desturi yake. Hakuna kazi iliyopelekwa kwa fundi rangi kabla ya kugongwa. Kiungo kilichochomelewa vizuri, ukikigonga kwa nyundo ndogo, hulia. Kiungo kibovu, chenye mapovu ndani, hutoa sauti butu, kama mtu anayesema huku ameziba pua. Na ni lazima kigongwe kikiwa kitupu, kwa sababu rangi ikishapakwa sauti hupotea na hata fundi mzoefu hawezi kutofautisha. Likizo hiyo mama alimpa Nati nyundo ndogo na kipande cha chaki. Kazi yake ilikuwa viti vya watoto. Kiti kikilia, aweke alama ya vema kwenye mpini wa toroli. Fundi rangi hakuruhusiwa kugusa toroli lisilo na alama.

Kundi la kwanza la matoroli Nati aliligonga lote, toroli kwa toroli, ulimi umemtoka pembeni kwa umakini. Viti viwili vitatu alivikataa. Mjomba hakununa, alivirudia kuvichomelea huku akimpigia saluti. "Mkaguzi mkuu amesema. Sisi wadogo tutasema nini?" Nati alijifanya haoni, lakini alitembea siku nzima amenyoosha mgongo.

Kundi la pili lilikuwa tayari siku ambayo mama alikwenda mbali kutafuta magurudumu. Nati aliporudi kutoka kisimani na ndoo ya maji ya karakana, alikuta matoroli yote yameshasukumwa, moja ndani ya jingine, safu ndefu inayoelekea mlango wa fundi rangi.

"Mjomba, hayo sijayagonga."

"Nimekugongea," alijibu mjomba bila kugeuka. "Yote. Masikio yananiuma mpaka sasa."

"Lakini mama alisema niyagonge mimi."

"Mama alisema yagongwe, na yamegongwa. Au unaona masikio ya mjomba wako yameshazeeka?" Alicheka, akamshika bega. "Tazama, fundi rangi ameshachanganya rangi yake. Ukianza kuyachomoa moja moja, itamkaukia ndani ya ndoo, na utasikia atakavyolalamika. Weka chaki, mkaguzi mkuu."

Nati aliitazama safu. Matoroli yalivyoingiana, milango ya nyuma yote ilikuwa imejiinua na viti vimefichika, kila kimoja kimefunikwa na kikapu cha nyuma yake. Mipini tu ndiyo iliyoonekana. Kitu fulani kilimkwaruza moyoni, kidogo tu. Lakini huyu alikuwa mjomba. Mjomba akisema amegonga, amegonga. Alitembea kando ya safu akaweka alama kwenye kila mpini, na jioni hiyo matoroli yakawa ya bluu, yanang'aa, mazuri kuliko yale ya kwanza yaliyopakwa rangi nyekundu.

Wiki haikuisha. Msimamizi wa duka, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, aliingia karakana akisukuma toroli moja la bluu. Kiti chake kilikuwa kinaning'inia upande mmoja.

"Mtoto wa mteja wangu alikuwa amekaa hapa," alisema. "Kiti kimekatika, mtoto ameangukia ndani ya kikapu, kidevu kimepasuka. Bahati yake chini kulikuwa na mfuko wa mchele. Nimekuja kuuliza kama mliniuzia matoroli au mitego."

Mama aliweka chini alichokuwa amekishika. Alipiga magoti, akakitazama kiungo kilichokatika kwa muda mrefu, kisha akamtazama mdogo wake. "Umechomelea wewe hiki."

"Nimechomelea mimi, dada, siwezi kukana." Mjomba alichukua kitambaa akaanza kujifuta mikono. "Lakini kuchomelea ni kwangu, kugonga ni kwa Nati. Alama ya kupita ameiweka yeye. Mtoto ni mtoto. Labda siku hiyo alikuwa na haraka ya kwenda kucheza."

Nati alidhani amesikia vibaya. Alimtazama mjomba akisubiri acheke, kwa sababu ndivyo alivyozoea: husema jambo zito, kisha hucheka, na wote hucheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa akifuta kidole kimoja kimoja, kwa makini sana, na macho yake yalikwenda kila mahali isipokuwa kwa Nati.

"Nati," mama aliita. "Kiti hiki ulikigonga?"

"Hapana, mama, lakini mjomba..."

"Alama ni ya nani?"

"Yangu. Ila mjomba ndiye..."

"Sijakuuliza habari za mjomba. Chaki nilimpa nani?"

Mgeni alikuwa amesimama pale, na mtoto hashindani na mama yake mbele ya mgeni. Isitoshe, swali lenyewe lilikuwa na jibu moja tu. Msimamizi akauliza kuhusu matoroli mengine, na mjomba akawahi kujibu kwamba mengine yote ni mazima, ameyapitia kwa mkono wake mwenyewe, ni hilo moja tu lililomponyoka mtoto. Mama akaomba radhi. Kisha, mbele yao wote, alimchomolea Nati nyundo kutoka mfuko wa koti, akachukua na chaki, akamwambia aende ndani. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nati alilia. Kwanza alilia kwa aibu, na aibu ilipokwisha alibaki na kitu kibaya zaidi. Adui akikusingizia, unajua pa kuelekeza hasira. Lakini atafanya nini mtu aliyesingiziwa na mgongo uliombeba? Shuleni waliwahi kuulizwa maana ya methali "Kikulacho ki nguoni mwako", na Nati akapata alama zote. Sasa aligundua kwamba siku ile alikuwa hajui lolote.

Jioni alimkuta mjomba nyuma ya karakana akinawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Mjomba, umenisingizia."

Mjomba aligeuka huku na huku kuangalia kama kuna mtu. "Punguza sauti, Nati. Nisikilize. Hasira ya mama yako kwako ni ya leo na kesho, halafu atakukumbatia. Kwangu mimi sivyo. Nimeshakosea mara nyingi, safari hii atanitoa. Nitakwenda wapi? Wewe ni mtoto, watu watasahau. Nibebee hili dogo."

"Kwa hiyo unajua kwamba si kosa langu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

"Uliyagonga kweli, mjomba?"

Mjomba alikung'uta maji mikononi. "Mengine yako sawa," alisema, na hilo silo aliloulizwa. "Basi, usiulizeulize. Mkaguzi mkuu wangu huyu."

Jina hilo, ambalo wiki iliyopita lilimnyoosha mgongo, sasa lilimfanya arudi nyuma hatua moja. Ndipo alipojua alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka. Na alijua jambo jingine la kutisha zaidi: hakuna hata kiti kimoja cha safu ile kilichopimwa, na kule dukani watoto wanakalishwa juu ya viti hivyo kila siku.

Alijaribu kumwambia mama wakati wa chakula. Mama aliinua kiganja. "Nikisikia unamtaja mjomba wako tena leo nitakasirika kweli. Kosa ni lako, libebe. Ukishalibeba ndipo tutazungumza."

Kesho yake alitumwa chumvi kwenye kibanda cha jirani. Miguu yake ilikipita kibanda ikaenda moja kwa moja mpaka duka kubwa. Mlangoni matoroli ya bluu yalikuwa yamejipanga yamekumbatiana kama kawaida. Baba mmoja mwenye mtoto begani alichomoa moja, mlango wa nyuma ukashuka, akaanza kukikunjua kiti.

"Baba, shikamoo. Tafadhali usimkalishe hapo."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Kiti ni kibovu. Niliweka alama mimi, na sikukigonga."

Yule baba hakuelewa habari za alama wala za kugonga. Lakini msichana aliyesimama mbele yake alikuwa analia na hakuwa anaomba chochote, na mzazi mwenye akili habishani na jambo kama hilo. Alimwacha mwanawe palepale begani, akachukua kikapu cha mkono. Akaja mwanamke na mapacha, Nati akamwambia maneno yale yale. Akaja mwingine. Mwishowe alijiweka mbele ya safu na kunyoosha mikono, na mlinzi akaja mbio.

"Binti, umetumwa kutufukuzia wateja?"

Nati alishika mpini wa toroli la mwisho na hakuachia. Mlinzi alimvuta, toroli likaja, na la nyuma yake likaja, mpaka safu nzima ikawa inajongea mlangoni kama treni, wateja wamesimama wanatazama. Msimamizi alitoka, akamtambua, akapiga simu.

Mama alifika na aproni yake, miwani ya kazi bado iko kwenye paji la uso. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekuja kuchukua aibu yake hadharani.

"Nati, umenikomesha. Ya jana hayakutosha?"

"Mama, utanigombeza nyumbani. Hapa angalia kwanza. Chomoa toroli lolote."

"Yamepakwa rangi. Hata nikigonga sitasikia kitu."

"Basi kwangua."

Mama alimtazama binti yake. Alikuwa na hasira, lakini alikuwa fundi kabla ya kuwa na hasira. Alichomoa toroli kutoka katikati ya safu, akatoa funguo, akakwangua pale kiti kinaposhikana na mlango. Ganda la bluu lilitoka. Kisha kikatoka kitu kingine, unga wa kijivu, laini, ukamwagikia kiganjani mwake.

Chuma hakitoi unga. Hata ambaye hajawahi kushika nyundo analijua hilo.

"Puti," mama alisema polepole.

Puti ni ule uji mzito ambao mafundi rangi huupaka kuziba mikwaruzo ya magari. Ukikauka huwa mgumu, ukipakwa rangi juu hakuna jicho litakaloutofautisha na chuma. Kwa kuziba mkwaruzo ni dawa nzuri. Kwa kumbeba mtoto ni sawa na kumkalisha juu ya mkate mkavu. Mama alikwangua toroli la pili, akakwangua la tatu. Mengine yalikuwa mazima, lakini mengi yalitoa unga.

"Nati, umewahi kuchanganya puti wewe?"

"Sijawahi hata kuigusa, mama."

"Najua," mama alisema. Akarudia, "Najua."

Msimamizi aliamuru matoroli yote ya bluu yaondolewe, na mlinzi yule yule akaanza kuyavuta. Nati alibaki akiutazama ule unga. Mpaka dakika hiyo alikuwa akidhani mjomba alikuwa mvivu tu, hakugonga, akaogopa. Kumbe alikuwa amegonga. Alikuwa amevijua viungo vibovu kimoja kimoja, amevifunika kwa kidole chake, ameyapanga matoroli ili visionekane, ndipo akamwambia mpwa wake aweke chaki.

Karakana ilikuwa kimya waliporudi. Mama aliumwaga ule unga juu ya meza, mbele ya mjomba, wala hakuuliza swali. Fundi rangi, mtu ambaye kwa kawaida maneno yake kwa siku hayakujaza kikombe, alisogea akauchovya kidole.

"Kumbe ndiyo ile," alisema. "Uliniomba kopo la puti, ukaniambia bati la nyumbani kwako linavuja. Nami nilipoikuta kwenye viti nikadhani mmetaka vionekane laini. Ningejua nisingepaka."

Mjomba aliketi. Aliketi sakafuni, palepale aliposimama. "Vijiti vya kuchomelea vililowa," alisema. "Niliacha boksi dirishani, mvua ikaingia. Viungo vikatoka na mapovu. Niligonga kimoja kikanyamaza, cha pili kikanyamaza. Nikasema nikimwambia dada atasema, ni wewe tena? Kila siku ni wewe? Nikaogopa."

"Ukaniogopa mimi," mama alisema, "ukamtupia mtoto."

Nati alisogea mbele.

"Mjomba, kwa nini mimi? Fundi rangi alikuwepo. Ungeweza kusema ni yeye."

Mjomba alijibu akitazama sakafu. "Yeye angeuliza maswali. Wewe ulinipenda. Nilijua hutauliza."

Mama alifunga macho. Nati hakulia safari hii. Alitoka nje, akaenda kukaa juu ya ndoo ya mama yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumfuata. Aliyemfuata hatimaye alikuwa mama. Alichuchumaa mbele yake, jambo ambalo halikuwa desturi yake, na magoti yake yakalia.

"Jana nilikuuliza swali moja, halafu nikaziba masikio," alisema. "Ulitaka kusema na mimi nikakuzuia, mara mbili. Hilo ni kosa langu, na nakuomba radhi."

Kazi ilirudiwa upya. Puti yote ilisagwa ikatolewa, mama akanunua vijiti vikavu, na mjomba akachomelea viti upya huku dada yake amesimama nyuma yake. Hakuimba. Nati alirudishiwa nyundo, akagonga kila kiti, na alipokataa kimoja alikisukuma kando bila kusema neno, na mjomba akakirudia bila kusema neno. Fundi rangi aliingia kazini baada ya hapo tu.

Siku ya kuyarudisha, mama alimwambia mdogo wake kwamba hatamfukuza, lakini maneno ya kusema dukani atayasema mwenyewe. Mjomba alisimama mbele ya msimamizi, na mbele ya mama wa yule mtoto aliyepasuka kidevu, ambaye alikuwa ameitwa. Alieleza habari ya mvua, na vijiti, na puti. Kisha akasema, "Na nilisema ni kosa la mpwa wangu. Halikuwa kosa lake. Nilimdanganya, halafu nikamsingizia." Watu waliokuwa wanachagua nyanya waliacha kuchagua.

Mama wa mtoto alisogea kwenye safu. Alichomoa toroli, akakikunjua kiti, akakitikisa. Mtoto, mwenye kibandiko kidevuni, alikuwa tayari anainua mguu apande.

"Kiko salama hiki?" aliuliza.

"Kiko salama kabisa, mama," mjomba aliwahi kusema.

"Sijakuuliza wewe." Alimgeukia Nati. "Umekigonga?"

"Nimekigonga," Nati alisema. "Vyote, kimoja kimoja, kabla ya rangi."

Yule mama alimtazama machoni, kisha akamkalisha mwanawe, akasukuma toroli ndani ya duka.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mjomba alibaki nyuma akivuta mkokoteni wa vifaa, na Nati alitembea na mama yake.

"Vijiti kulowa ni kosa dogo," mama alisema. "Tungevitupa, tungechelewa kidogo, ningepiga kelele, yangeisha. Lakini alilificha kwa uongo, na uongo ukataka mtu wa kuubeba, na mtoto wa watu akapasuka kidevu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe usijione umetoka msafi. Ulitoa ushahidi wa jambo ambalo masikio yako hayakulisikia. Mpende mtu utakavyo, mwanangu, lakini ushahidi hautolewi kwa mapenzi. Unatolewa kwa kile ulichokiona na kukisikia mwenyewe, hata kama anayekuomba ni mimi mama yako."

Nati alitembea kidogo. "Sasa itabidi nimwamini tena?"

"Kumsamehe unaweza, leo au siku nyingine, hiyo ni yako. Kumwamini ni kazi ambayo ataifanya yeye, na si ya siku moja. Ni vitu viwili. Mtu akikuambia ni kimoja, anataka kukutumia tena."

"Nati," mjomba aliita kutoka nyuma, na gurudumu la mkokoteni likapiga kelele kwenye kokoto. "Nisubiri kidogo."

Nati hakugeuka, wala hakusimama. Lakini alipunguza mwendo.